Kisa cha kutisha cha kikao kimoja: dalili za kikao kilichoharibika, sababu zake na namna ya kukitengeneza

Malalamiko yanayofuata kikao cha kutisha cha mchezo wa kuigiza wahusika (RPG), unaochezwa mezani kwa kusimulia, ni machache na yanafanana meza kwa meza. Muda uliisha kisa hakijafika popote. Hakuna aliyeogopa. Walikwama kwenye chumba cha kwanza. Walipanda gari wakaondoka zao. Mmoja alikufa mapema akabaki anachezea simu. Mmoja aliaga kimya na hakuitika tena mwaliko. Mwongozo huu unazipitia dalili hizo moja moja. Sababu zimepangwa kuanzia inayokutwa mara nyingi, na ukaguzi mwepesi unatangulia matengenezo mazito.

Ninaowaandikia ni wasimulizi: mtu mmoja anayeshika kisa, wachezaji watatu hadi watano, kila mmoja na mhusika wake, dadu mezani, saa tatu au nne za jioni moja, na hakuna kikao cha pili. Mfumo wowote wa sheria za mchezo unafaa. Wengi huanza na Call of Cthulhu, uliotolewa na Chaosium mwaka 1981, kwa sababu kijitabu chake cha kuanzia kinapatikana bure na hesabu yake ni ya asilimia tu. Wengine hupenda Dread, usiotumia dadu kabisa: mchezaji anachomoa kipande kutoka kwenye mnara wa vipande vya mbao wa Jenga, na mnara ukianguka mhusika wake ametoka mchezoni.

Kabla ya kutengeneza chochote, kumbuka kwamba panapouma si lazima pawe ndipo palipo na ugonjwa. Msimulizi anayesema "hawakuogopa" mara nyingi ana wachezaji ambao hawakuelewa. Mtu aliyechanganyikiwa haogopi, anachoka. Hofu humwingia anapokiona kinachokuja na kujua kitamuumiza nani. Kwa hiyo ukaguzi wa kwanza, kwa dalili yoyote ile, ni kumuuliza kila mchezaji baada ya kikao: "Ulidhani kulikuwa na nini pale?" Majibu yakipishana mno, usihangaike na taa wala muziki. Rudi kwenye kisa.

Nitatumia kisa kimoja cha mfano ili tusizungumze hewani. Watu watano wanatumwa na mnunuzi mpya kuorodhesha mali za shamba la mkonge lililofungwa, upande wa Korogwe. Kwenye ofisi ya meneja wanakuta madaftari ya mahudhurio. Kila asubuhi imeandikwa idadi ya vibarua walioingia shambani, na kila jioni idadi ya waliotoka. Ya jioni inaizidi ya asubuhi kwa mtu mmoja. Kila siku, kwa miaka.

Dalili: muda uliisha kabla ya mwisho

Hii ndiyo inayoua vikao vingi kuliko zote, na ndiyo nyepesi kutibu.

Sababu ya kwanza ni kutengeneza wahusika mezani. Kwa wageni kazi hiyo inakula saa nzima bila mtu kuona. Waandae wahusika mapema, wazidi idadi ya wachezaji kwa mmoja ili wa mwisho kuchagua naye awe na uchaguzi. Acha wazi jina na maswali mawili matatu. Mengine yote yawe yamejazwa.

Ya pili ni kuchelewa kuanza. Ukiwaalika watu saa tisa alasiri, hesabu kwamba dadu ya kwanza itarushwa saa kumi. Salamu zina haki yake, chai ina haki yake. Panga mapumziko mahali ambapo mezani patasimama kwa vyovyote: kama wapo wanaoswali, Magharibi iwe ndiyo mapumziko, na tukio zito liwekwe mara tu mnaporudi. Uliza pia nani anategemea usafiri wa usiku. Mchezaji anayeiwazia daladala ya mwisho ameshaondoka kichwani.

Ya tatu ni maeneo mengi. Saa tatu za kucheza kweli zinabeba matukio makubwa matano au sita, si zaidi. Kisa chenye mji, msitu, kanisa, bandari na pango ni kisa cha miezi. Kwa shamba letu maeneo matatu yanatosha: ofisi ya meneja, kambi ya vibarua, na korona, yaani kiwanda cha kuchakata majani. Ukiona una la nne, lichukue lililo tamu ndani yake ulihamishie kwenye mojawapo ya hayo matatu.

Ya nne ni idadi ya wachezaji. Kuanzia sita kila mmoja anangoja zamu muda mrefu kuliko anavyocheza. Gawa vikao viwili.

Yote hayo yakiwa sawa na muda bado hautoshi, tengeneza saa ya kisa. Kwenye karatasi yako andika pembeni: saa kumi na moja wawe wamelisoma daftari, saa kumi na mbili na nusu wawe wamefika kambini, saa mbili usiku wawe wameingia korona. Kisha kwa kila saa andika kitu kitakachotokea hata kama hawajafanya lolote. Wakichelewa ofisini, kengele ya mahudhurio inagongwa nje, na hakuna aliyekwenda kuigonga. Uovu usiwangoje wachezaji ndipo uanze kutembea.

Hatua ya dharura: imebaki saa moja na hamjafika katikati. Kata eneo la pili lote. Ushahidi uliokuwa huko uletwe walipo wao, mkononi mwa mlinzi au chini ya meza. Usiwaambie kwamba umekata.

Dalili: hakuna aliyeogopa

Hapa wengi hukimbilia mishumaa na sauti za upepo kutoka kwenye spika. Hivyo ni vya mwisho. Zikague sababu hizi kwanza.

*Wahusika hawana cha kupoteza.* Karatasi imejaa namba, lakini mtu hayumo. Dawa bora ninayoijua inatoka Dread, ambako mhusika hutengenezwa kwa maswali tu, na kila swali limeshabeba jambo ndani yake. Usiulize "Mhusika wako anaogopa nini?" Atajibu "nyoka" na mambo yameishia hapo. Uliza: "Kaka yako alifanya kazi kwenye shamba hili. Mara ya mwisho kupiga simu alikuomba nini ukakataa?" Uliza: "Ni nani kati ya hawa wanne unayemdai, na kwa nini unaona haya kumkumbusha?" Uliza: "Umeshaanza kujengea malipo ya kazi hii. Umefikia wapi?" Mchezaji aliyejibu maswali matatu ya namna hiyo amekukabidhi mwenyewe vitu vitakavyomtisha, na wewe kazi yako imebaki kuvitumia kwa adabu.

*Kiumbe kimeonekana mapema.* Kikishaonekana chote, wachezaji wanaanza kukihesabia nguvu zake na kutafuta silaha. Panga ishara kwa ngazi. Ya kwanza iwe na maelezo ya kawaida: mwandishi wa daftari alikosea kujumlisha. Ya pili iwe ngumu kuelezeka: waandishi watatu tofauti, miandiko mitatu, kosa lilelile. Ya tatu isielezeke kabisa: tarehe ya jana, waliotoka sita, na wao waliingia watano. Mnaposomeana ya tatu, nyamaza. Mpe mtu mmoja nafasi ya kuhesabu vichwa mezani. Atahesabu.

*Unatangaza hofu badala ya kuionyesha.* "Chumba kinatisha sana" ni taarifa. Mchezaji anahitaji kitu cha kugusa, kunusa au kusikia, tena kimoja au viwili tu. Mabaki ya mkonge uliochakatwa yana uchachu unaokaa puani. Sema kwamba harufu hiyo ni mbichi, ya leo asubuhi, kwenye kiwanda kilichofungwa miaka mingi. Sentensi moja imetosha. Mambo ya kweli ya mahali husaidia kuliko maneno mazito. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na mashamba yaliyofuata yaliishi kwa manamba, vibarua wa mkataba waliotolewa mbali na kwao. Msimulizi anayejua hayo hana haja ya kubuni laana kutoka hewani.

*Unasimulia kwa lugha ya kitabu.* Vitabu vingi vya michezo hii ni vya Kiingereza, na msimulizi hujikuta akisoma maelezo kwa Kiingereza kisha meza inajibu kwa Kiswahili. Kila kuvuka lugha ni nafasi ya kuvuta pumzi na kulegea. Istilahi za sheria zibaki zilivyo kama mmezizoea, lakini sauti inayoita kutoka gizani iite kwa lugha ambayo mchezaji aliitwa nayo utotoni. Najua meza zilizobadilika kabisa kwa jambo hili moja.

*Utani.* Usimkaripie anayetania. Mara nyingi anatania kwa sababu mambo yameanza kumbana, na kicheko ndicho mlango wake wa kutokea. Acha wacheke, ngoja kicheko kiishe chenyewe, kisha endelea kwa sauti ndogo kuliko ya kwanza. Ikiwa utani ulianza na salamu na haukukoma hadi mwisho, sababu iko kwenye mwaliko: watu hawakuambiwa wanakuja kwenye kisa cha kutisha, wakaja wamejiandaa kwa sherehe. Mwaliko useme wazi.

*Dadu zinarushwa kwa kila jambo.* Kufungua droo, kusoma karatasi, kupanda ngazi. Dadu ikizoeleka haina uzito. Irushwe pale tu matokeo mabaya yana bei, na bei itajwe kabla ya kurusha: "Ukishindwa, taa itazimika ukiwa ndani."

Simu za wachezaji nazo ni tatizo, lakini huisha zenyewe mengine yakitengenezwa. Kikapu kimoja karibu na mlango kinatosha, na anayengoja habari za mgonjwa au mtoto abaki na yake bila kuulizwa.

Tengenezo la kina, ukishapitia yote: mpe mchezaji kitu cha kushika mkononi. Kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika kibarua alikuwa na kipande, kadi yenye nafasi 30, moja kwa kila siku aliyomaliza kazi, na mshahara ulimngoja kadi ijae. Kata kadi tano kwenye karatasi ngumu, zichovye kwenye chai ya rangi uzikaushe juani. Kila moja iandike jina la mhusika mmoja wa mezani. Weka alama kwenye nafasi 29. Ziache ndani ya droo ya meneja, na usieleze lolote. Mtu aliyeshika kadi yenye jina la mhusika wake hahitaji kuambiwa nafasi iliyobaki ni ya nini.

Hapa pana jambo ninalolishikilia. Manamba walikuwa watu, na wajukuu wao wako hai. Ukitumia mateso yao kama mapambo ya mazimwi, umewadhulumu mara ya pili. Kinachotisha kwenye shamba hili kiwe deni na daftari linalolidai. Wafu wasiwe wanyama. Waliopo mezani wataogopa zaidi hivyo, na hakuna atakayeondoka na aibu.

Dalili: walikwama, kisa hakisogei

Sababu ya kwanza, kwa mbali, ni kidokezo kilichofungiwa nyuma ya dadu. Ulipanga wagundue daftari kwa kufaulu kutafuta. Wote watano wakashindwa. Sasa unakodoa macho. Kanuni ni fupi: kinachohitajika ili kisa kiendelee hupatikana bila dadu. Dadu iamue wamekipata kwa gharama gani: muda, kelele, jeraha, taa. Mfumo wa GUMSHOE wa Robin D. Laws umejengwa juu ya wazo hilo, na unaweza kuliazima kwenye mfumo wowote.

Ya pili ni kutegemea kidokezo kimoja. Kwa kila jambo ambalo lazima lijulikane, weka vidokezo vitatu mahali patatu. Kanuni hii imeelezwa vizuri na Justin Alexander tangu mwaka 2008, na sijaona iliyo bora. Kwa mfano wetu, jambo la lazima ni kwamba mtu wa ziada huhesabiwa pamoja nao. Kidokezo cha kwanza ni daftari. Cha pili ni mlinzi mzee ambaye hakubali kuhesabiwa: ukisema "tupo sita hapa pamoja na mzee," anaondoka. Cha tatu kipo kambini: majina yaliyochongwa mlangoni ni kumi na moja, vitanda ni kumi na viwili. Wakikosa viwili, kimoja kitawashika.

Ya tatu ni njia ya uongo uliyoiweka mwenyewe ili kuwapoteza. Kwenye kikao kimoja iondoe. Wachezaji watajipoteza bila msaada.

Wakikwama palepale mezani, usiwape jibu. Simamisha kisa uwaombe waseme kwa sauti wanachojua hadi sasa. Mara nyingi mmoja ataunganisha mambo mawili ambayo wenzake hawakuyasikia.

Dalili: walikimbia, au walipiga simu polisi

Wamefanya jambo la akili, basi usiwalaumu. Sababu kuu ni kwamba hawakupewa sababu ya kukaa. Rudi kwenye maswali ya mwanzo: kaka aliyepotea, deni, nyumba iliyofika kwenye linta. Ukaguzi mwepesi ni kumwuliza kila mchezaji kabla ya kuanza, "Kwa nini mhusika wako hatarudi mikono mitupu?" Asiye na jibu msaidie kulipata papo hapo.

Kuhusu simu, msimulizi huwa na haraka ya kusema mtandao haupo. Inafanya kazi, ila kila mtu mezani anaona ukuta umejengwa. Afadhali simu ipatikane na iongeze tabu. Wapige polisi, askari wa zamu aulize mko wangapi ili alete gari la kutosha, wajibu watano, aseme, "Mbona nasikia wengine nyuma?" Au hamisha kisa kwenye zama zisizo na simu za mkononi: Call of Cthulhu huchezwa zaidi kwenye miaka ya 1920, na Tanga ya miaka hiyo ina mengi ya kusimuliwa.

Dalili: mchezaji alitolewa mapema akabaki bure

Hutokea zaidi kwenye Dread, kwa kuwa mnara haujui ni saa ngapi. Tiba ya kwanza ni kuupunguza uchomoaji kwenye saa ya mwanzo. Tiba ya pili ni kukubaliana kabla kwamba hadi mapumziko mhusika anaweza kuumizwa, kuchanganyikiwa, kupoteza alichokuja nacho, lakini hafi. Akifa baada ya hapo, mpe kazi siku hiyohiyo: mhusika wa akiba uliyemwandaa, au aigize mlinzi. Kwenye kisa chetu kuna kazi tamu zaidi. Mpe daftari na kalamu. Yeye ndiye anayehesabu sasa.

Dalili: giza lilileta usumbufu kuliko hofu

Ukaguzi: je, kila mtu anaweza kusoma karatasi yake bila kukunja uso? Kama hawezi, ongeza mwanga. Taa moja ya pembeni, ya rangi ya joto, inatosha kikao kizima. Muziki uwe wa chini kiasi kwamba ukizimwa ndipo watu wanagundua ulikuwepo. Ukiwalazimisha kupaza sauti, uzime.

Maonyo ya usalama, na haya hayana mjadala:

- Mishumaa ikae kwenye sahani za bati zenye mchanga, mbali na pazia, karatasi na mikono mirefu ya nguo. Mchezo wa Ten Candles unahitaji kumi kwa pamoja. Usiuendeshe kwenye chumba kidogo chenye watoto wanaopita. Mishumaa ya betri inafaa.
- Umeme ukikatika, jenereta isiwashwe ndani wala barazani karibu na dirisha, na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa ajili ya joto wala chai. Hewa ya kaboni monoksaidi inayotoka humo ni sumu na haina harufu. Watu wawili watatu wakianza kuumwa kichwa na kizunguzungu kwa wakati mmoja, toeni kila mtu nje sasa hivi na muwapeleke hospitali.
- Udi na ubani huleta mandhari nzuri, lakini uliza kama kuna mwenye pumu kabla ya kuwasha.
- Taa za kumetameta zisitumike bila kuuliza kuhusu kifafa. Mtu akipata degedege, ondoa vitu vigumu karibu naye, mlaze ubavu, usimkandamize wala kumwekea kijiko mdomoni, na angalia saa. Ikipita dakika tano, ikijirudia, au ikiwa ni mara yake ya kwanza, mpelekeni hospitali bila kungoja.

Dalili: mwisho ulipwaya

Sababu ya kwanza: mwisho ulikuwa vita. Dadu zinarushwa nusu saa, kiumbe kinapungua nguvu, na hofu inapungua nacho. Andaa uamuzi badala ya pambano. Kwenye shamba letu geti halifunguki mpaka hesabu ya jioni ikae sawa na ya asubuhi, na wao sasa wamo sita. Mmoja lazima abaki. Hapo ndipo majibu ya maswali ya mwanzo yanapodai haki yake, na hutahitaji kusema mengi.

Sababu ya pili: msimulizi alimalizia kwa mhadhara wa asili ya laana. Wasichokigundua kiache. Akiuliza mtu baada ya kikao, mweleze mkiwa mnakunywa chai.

Tenga dakika kumi na tano za mwisho. Kila mchezaji aseme sentensi moja: mhusika wake yuko wapi mwaka mmoja baadaye.

Dalili: mtu aliumia kweli

Dalili hii nimeiweka mwisho kwa sababu inadai utulivu, ila kwa uzito ndiyo ya kwanza. Hofu tunayoitafuta ni ile ambayo mtu ameikubali. Mengine yote si mchezo.

Sababu inayokutwa mara nyingi ni kutouliza. Kabla ya siku yenyewe, mwulize kila mchezaji faraghani, si mbele ya wenzake, mambo ambayo hataki kabisa yawemo, na yale ambayo yanaweza kutajwa bila kuonyeshwa. Ron Edwards aliyaita mistari na mapazia: mstari hauvukwi, pazia hushushwa na kisa kikasogea mbele. Usiulize sababu. Mezani weka kadi ya X, aliyoitunga John Stavropoulos: kadi tupu yenye herufi hiyo katikati. Anayeigusa amesema "hili liondoke," nawe unaliondoa bila swali. Mwoneshe kila mtu kwa kuigusa wewe mwenyewe mwanzoni kwa jambo dogo. Kadi ambayo haijawahi kuguswa inaogopesha kuguswa.

Sababu ya pili ni kuchukua hofu iliyo hai na kuifanya burudani. Madhehebu ya siri yanayowapeleka waumini kwenye kifo ni kisa cha kawaida kwenye vitabu vya Marekani. Kwenye meza ya Kilifi, Malindi au Nairobi, baada ya Shakahola mwaka 2023, ambako miili iliyofukuliwa ilizidi 400, kisa hicho kinaweza kuwa ndugu ya mtu. Bibi kizee mwenye macho mekundu kuwa ndiye mchawi: wazee wanawake wameuawa Usukumani kwa tuhuma hiyohiyo. Viungo vya mtu mwenye ualbino kuwa na nguvu: watu wamekatwa mapanga kwa imani hiyo, watoto wakiwemo. Hivi viwili sivitumii kamwe, na nakusihi nawe usivitumie, hata kama meza yote imekubali. Hofu ya Popobawa, pepo wa usiku, iliyotikisa Pemba na Unguja mwaka 1995 ndani yake ina habari za watu kuingiliwa usiku. Usiilete bila ruhusa ya wazi ya kila mmoja. Majini, mapepo na aya za vitabu vitakatifu: uliza, maana kwa mmoja ni hadithi na kwa jirani yake ni jambo la imani.

Ishara za kusimamisha mchezo papo hapo: mchezaji amenyamaza ghafla na hatazami mtu, anatetemeka au anahema kwa kasi, analia bila kutaka wenzake waone, anaomba kwenda nje na harudi. Washa taa zote. Zima muziki. Sema "tunapumzika," usimtaje jina. Mtu mmoja anayemwamini atoke naye, ampe maji, asimlazimishe kueleza. Mchezo uendelee au usiendelee ni juu yake, na jibu la haraka la "niko sawa" lisichukuliwe haraka.

Acha kujitibu mwenyewe na tafuta mtaalamu katika hali hizi. Maumivu ya kifua, kuzimia, au pumzi isiyorudi baada ya kupumzika: hospitali usiku huohuo. Anayesema anataka kujidhuru: asiachwe peke yake, na afikishwe kwa daktari au mshauri nasaha akiwa na mtu wa karibu naye. Kukosa usingizi, ndoto mbaya au kushtukashtuka kunakopita wiki mbili: mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili. Akitaka kuzungumza na shehe wake au mchungaji wake, mpe nafasi hiyo, ila dalili za mwili zisingoje.

Siku inayofuata mpigie simu kila mchezaji, mmoja mmoja. Muulize alilalaje.